Ulezi Kazini: Ujuzi wa Kiongozi wa Timu ya Programu

Programu za kompyuta zinazotumika leo katika mabenki, hospitali, shule na simu za mkononi ni nadra kutungwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Hutungwa na timu za watu wenye ujuzi mbalimbali, na katika kila timu huwapo mmoja au wawili wanaojua zaidi kuliko wenzao. Mara nyingi hao ndio wanaowekwa kuwa viongozi. Imezoeleka kudhani kwamba fundi hodari atakuwa pia mlezi hodari wa mafundi wachanga, kana kwamba ujuzi huu wa pili humfuata yule wa kwanza kama kivuli kimfuatavyo mtu. Uchunguzi uliofanywa kwa zaidi ya miaka hamsini katika saikolojia, hisabati na elimu ya uongozi unaonyesha kwamba sivyo. Ulezi wa kitaalamu ni ujuzi unaojitegemea. Una kanuni zake, na hujifunzwa kama ujuzi mwingine wowote unavyojifunzwa.

Neno "ulezi" limetumika hapa kwa maana ya kumkuza mtu katika kazi mpaka aweze kuifanya bila kushikwa mkono. Waswahili hawakuwa wageni wa jambo hilo. Fundi wa majahazi alikuwa na mwanagenzi wake, na mwari alikuwa na kungwi wake. Jambo jipya ni kwamba siku hizi wataalamu wameweza kupima na kueleza kwa nini ulezi wa namna fulani humkuza mtu, na ulezi wa namna nyingine humdumaza.

Timu za ajaili

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala kuhusu makampuni yaliyokuwa yakibuni bidhaa mpya kwa haraka. Walifananisha timu za makampuni hayo na timu ya mchezo wa raga, ambamo wachezaji wote husonga mbele pamoja huku wakipasiana mpira. Ni tofauti na mbio za kupokezana vijiti, ambamo mmoja humaliza sehemu yake ndipo mwingine aanze. Kutokana na mfano huo, Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuita "skramu" utaratibu wa kutunga programu waliouwasilisha mbele ya wataalamu wenzao mwaka 1995. Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko lenye mihimili minne na kanuni 12. Kuanzia hapo taratibu zote za jamii hiyo zikajulikana kwa jina moja la "ajaili", yaani zenye wepesi wa kubadili mwelekeo kadiri mahitaji yanavyobadilika.

Katika skramu, kazi hukatwa vipande vya muda mfupi usiozidi mwezi mmoja. Kila siku timu hukutana kwa muda usiozidi dakika 15 ili kutazama kazi imefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Mwisho wa kipindi hukagua kilichofanyika, kisha hukaa kujitathmini wenyewe. Mwongozo wa skramu uliotolewa mwaka 2020 unasema kwamba timu kwa kawaida huwa na watu 10 au pungufu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba timu yenyewe ndiyo huamua namna ya kuifanya kazi yake. Tamko la 2001 linataka wafanyakazi wapewe mazingira na msaada wanaouhitaji, kisha waaminiwe kwamba wataikamilisha kazi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Kuamua kunahitaji kujua. Iwapo maarifa yote yamo kichwani mwa kiongozi peke yake, timu itaitwa yenye kujiamulia, lakini kwa kweli itakuwa inasubiri jibu kutoka kwa mtu mmoja. Basi katika timu za namna hii ulezi si hisani inayofanywa muda ukibaki. Ni sharti la utaratibu wenyewe kufanya kazi.

Hesabu ya foleni

Madhara ya kumtegemea mtu mmoja yanaweza kukadiriwa kwa hesabu. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha makala kuhusu wingi wa simu zinazopigwa kupitia kituo cha simu. Kazi yake ilikuwa chanzo cha tawi la hisabati linaloshughulikia foleni. Mojawapo ya kanuni rahisi za tawi hilo ni hii: ikiwa maswali yanafika bila mpangilio, na muda wa kuyajibu unabadilikabadilika bila mpangilio vilevile, basi

M = J ÷ (1 − s)

ambapo M ni wastani wa muda tangu mtu aingie katika foleni mpaka apate jibu, J ni wastani wa muda wa kujibu swali moja, na s ni sehemu ya muda wa mjibuji ambayo imeshikwa na kazi ya kujibu.

Ichukuliwe kwamba kiongozi hutumia wastani wa dakika 12 kwa kila swali. Kwa hiyo anaweza kujibu maswali 5 kwa saa, asifanye kazi nyingine yoyote. Maswali yakija kwa wastani wa 2.5 kwa saa, nusu ya muda wake imeshikwa, na muulizaji atapata jibu baada ya wastani wa dakika 24. Yakiwa 4 kwa saa, muda huo unakuwa dakika 60. Yakifika 4.5 kwa saa, unakuwa dakika 120. Yakifika 4.75, unakuwa dakika 240, yaani saa nne nzima, ingawa kujibu swali lenyewe bado ni kazi ya dakika 12.

Msomaji makini atasema kwamba katika timu ya watu wanane au tisa foleni haiwezi kurefuka kiasi hicho, kwa kuwa anayesubiri jibu haulizi jingine. Hoja hiyo ni ya kweli. Kanuni hiyo inafaa zaidi pale waulizaji wanapokuwa wengi. Lakini foleni ya timu ndogo inapungua kwa sababu mbaya: watu wamekaa wakisubiri, au wameacha kuuliza na wanakisia.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema pia. Maswali yakipungua kutoka 4.5 hadi 4 kwa saa, yaani swali moja tu katika kila saa mbili, muda wa kusubiri hupungua kutoka dakika 120 hadi 60. Kiongozi aliyezidiwa hahitaji kumfanya kila mtu awe bingwa ndipo aone nafuu. Inatosha wenzake wachache waweze kujitegemea katika mambo machache, na timu nzima itaanza kupumua.

Kwa nini kuongeza watu hakutoshi

Huenda mtu akapendekeza kwamba dawa ya kazi kuchelewa ni kuajiri watu wengine. Frederick Brooks, aliyesimamia utungaji wa mfumo mkubwa wa programu wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wageni hao hapana budi wafundishwe, na wanaowafundisha ni walewale waliokuwa wakiifanya kazi. Ya pili ni kwamba njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko idadi ya watu. Watu wakiwa n, jozi zinazoweza kuzungumza ni n(n − 1) ÷ 2. Watu 5 wana jozi 10. Watu 10 wana jozi 45.

Sababu ya kwanza ya Brooks ndiyo inayohusu makala haya. Mgeni ni mzigo kwanza, kisha ni nguvu. Muda anaochukua kutoka katika hali ya mzigo kufikia hali ya nguvu unategemea sana namna anavyolelewa. Mgeni anayepewa majibu tu hubaki mzigo kwa muda mrefu, ijapokuwa kila siku anaonekana kuwa na shughuli.

Bingwa haoni anachokijua

Ikiwa faida za ulezi ni dhahiri hivyo, mbona viongozi wengi hawaufanyi vizuri? Si kwamba wote ni wachoyo wa elimu. Mara nyingi kizuizi kimo katika umahiri wenyewe.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio waliyofanya kwa wachezaji wa sataranji nchini Marekani. Waliwaonyesha ubao wenye kete kwa sekunde 5, kisha wakawataka wazipange tena kwa kumbukumbu. Mpangilio ulipotokana na mchezo halisi, bingwa alikumbuka kete nyingi kupita kwa mbali mwanagenzi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, tofauti hiyo kubwa ilitoweka. Bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alichokuwa nacho ni hazina ya maumbo aliyozoea kuyaona, na kila umbo alilitambua kwa mara moja kama msomaji anavyolitambua neno zima bila kutaja herufi zake. Hapo ndipo tatizo la ufundishaji linapoanza, kwa kuwa mtu anayesoma neno zima husahau kwamba mwingine bado anaunganisha silabi.

Jaribio jingine laweza kurudiwa katika darasa lolote bila gharama. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, katika utafiti wake wa shahada ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, aliwagawa watu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa nyimbo zinazojulikana sana, likaambiwa kugonga mapigo yake mezani kwa vidole, bila kuimba. Kundi la pili lilitakiwa kuzitambua nyimbo hizo. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu, yaani asilimia 2.5.

Mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi mmoja wimbo ambao darasa zima linaujua, kwa mfano wimbo wa taifa, na kumtaka agonge mezani. Kabla ya kuanza, mgongaji aandike ni wenzake wangapi anaodhani watautambua, na baadaye idadi hizo mbili zilinganishwe. Wanafunzi hawatakosa kuona sura ya mgongaji anayeshangaa kwamba wenzake "hawasikii". Yeye anausikia wimbo wote kichwani, pamoja na maneno na sauti zake. Wenzake wanasikia meza ikigongwa. Kiongozi anayesema "ni rahisi tu, badilisha pale, halafu endesha upya" yumo katika hali ya mgongaji huyo.

Kwa hiyo ustadi wa kwanza wa mlezi ni kutoa nje mawazo yaliyomo ndani. Katika timu za ajaili ipo njia inayosaidia jambo hili. Kent Beck na wenzake waliokuwa wakitunga programu ya mishahara ya kampuni ya magari ya Chrysler katika miaka ya 1990 waliifanya kuwa kawaida yao: watu wawili hukaa mbele ya kompyuta moja, mmoja akiandika na mwingine akitazama na kufikiri juu ya njia iliyo mbele, na baada ya muda hupokezana. Wawili hao hulazimika kusema kwa sauti yale ambayo mtu peke yake angeyawaza kimya. Mwanagenzi husikia kwa nini njia fulani ilikataliwa, na kusikia hilo kuna thamani kuliko kuona tu njia iliyochaguliwa.

Mirunda na zege

Ustadi wa pili ni kupima kiasi cha msaada. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1934, alibainisha kwamba kati ya yale mtoto awezayo kufanya peke yake na yale asiyoweza kabisa, yapo yale awezayo akisaidiwa. Eneo hilo la katikati ndilo mahali pa kujifunza. Msaada unaotolewa chini ya eneo hilo ni kumchosha mtu kwa mambo anayoyajua. Unaotolewa juu yake ni kumimina maji juu ya jiwe.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza uchunguzi wao juu ya watoto 30 wenye umri wa miaka 3, 4 na 5. Kila mtoto alisaidiwa kujenga piramidi kwa vipande 21 vya mbao vinavyoshikana. Kazi ya mwalimu haikuwa ileile kwa watoto wote. Kwa wadogo kabisa alilazimika kwanza kuwavuta waipende kazi na kuwarudisha walipopotea. Wale wa miaka 4 walihitaji zaidi kuonyeshwa palipo na kosa. Wale wa miaka 5 walimtafuta hasa ili athibitishe kwamba walichojenga ni sahihi. Watafiti hao waliufananisha msaada wa namna hiyo na jukwaa ambalo waashi husimamisha kando ya jengo na kuliondoa ujenzi unapokamilika.

Kwa msomaji aliyewahi kuona nyumba ya ghorofa ikijengwa mjini, mfano ulio wazi zaidi ni mirunda. Zege la sakafu ya juu linapomwagwa, hushikiliwa na miti mingi iliyosimamishwa chini yake. Mirunda ikiondolewa mapema, zege huanguka. Ikiachwa siku zote, chumba hakitakalika, na hakuna atakayejua kama zege limeshika au la. Fundi mwema huondoa mirunda kwa wakati wake na kwa utaratibu.

Ni wakati gani huo? Mwaka 1978 Wood na wenzake walilinganisha njia nne za kuwafundisha watoto wadogo kazi hiyo ya vipande vya mbao. Njia iliyofaulu zaidi ilifuata kanuni fupi: mwanafunzi akishindwa, ongeza msaada, akifaulu, upunguze. Kanuni hiyo huonekana nyepesi mpaka mtu ajaribu kuifuata. Watu wengi wanapomwona mwenzao ameshindwa humfanyia kazi yote, na wanapomwona amefaulu huendelea kumwelekeza kwa mazoea.

Kwa kiongozi wa timu ya programu, msaada unaweza kupangwa katika ngazi tano. Ya kwanza ni kuuliza mwanagenzi ameona nini. Ya pili ni kumwelekeza mahali pa kutazama bila kumwambia kilichopo. Ya tatu ni kulipunguza tatizo, ili mambo ya kushughulikia yawe machache. Ya nne ni kumwonyesha hatua moja na kumwachia inayofuata. Ya tano ni kuifanya kazi yote mbele yake huku akieleza kila anachowaza. Mlezi huanza chini, hupanda ngazi moja kila mwanagenzi anaposhindwa, na hushuka anapofaulu.

Mfano wa kazini

Ichukuliwe kwamba kijana aliyeanza kazi karibuni anakuta kwamba baadhi ya wateja wa programu ya malipo hawapati ujumbe wa kuthibitisha. Anamwendea kiongozi wake.

"Dada, wateja wengine hawapati ujumbe. Nimeangalia tangu asubuhi, sijaona kitu."

Kiongozi anaijua hitilafu hiyo, maana amewahi kukutana nayo. Anaweza kuirekebisha kwa dakika tano. Badala yake anauliza, "Pole na kazi. Hao wasiopata, wana jambo gani linalowafananisha?"

"Hawafanani, dada. Wengine wako Mbeya, wengine Tanga."

Ngazi ya kwanza haikutosha. Kiongozi anapanda moja. "Basi acha miji. Chukua namba ya mmoja aliyepata na ya mmoja ambaye hakupata, uziweke pamoja kama zilivyo ndani ya hifadhi yetu."

Kijana anazitazama. "Hii ina tarakimu kumi. Hii ina tisa." Ananyamaza kidogo. "Sifuri ya mwanzo haipo."

Hapo kiongozi anashuka. Hasemi neno ila kuuliza, "Imekwenda wapi?" Kijana anafuatilia na kugundua kwamba wateja hao waliingizwa kutoka katika jedwali lililosoma namba za simu kama hesabu. Katika hesabu, sifuri iliyo mwanzoni haina thamani, kwa hiyo kompyuta iliitupa. Dawa ni kuzihifadhi namba za simu kama maandishi, kwa sababu hakuna anayezijumlisha wala kuzizidisha.

Mazungumzo hayo yamechukua, tuseme, dakika 45 badala ya 15 ambazo kiongozi angetumia kurekebisha na kueleza kwa ufupi. Ni hasara iwapo hitilafu za aina hiyo hazitatokea tena. Zikitokea mara tatu, gharama zinalingana. Kuanzia mara ya nne timu inapata faida. Tena kijana huyo hakujifunza habari za sifuri pekee. Amejifunza kulinganisha kilichofaulu na kilichoshindwa, mbinu itakayomfaa katika hitilafu ambazo kiongozi wake mwenyewe hajawahi kuziona.

Ni lazima pia kujua pasipofaa. Ikiwa malipo ya wateja wote yamesimama usiku huu, huo si wakati wa kuuliza maswali ya kufundisha. Nyumba ikiwaka moto, kwanza huzimwa. Somo huja kesho yake, timu inapokaa kujitathmini.

Kosa lililofichwa

Ustadi wa tatu ni kupokea makosa. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza vikundi vinane vya wauguzi na madaktari katika hospitali mbili, akitazama makosa ya utoaji wa dawa. Alitarajia kwamba vikundi vinavyoongozwa vizuri vingekuwa na makosa machache. Matokeo aliyochapisha mwaka 1996 yalimgeukia: vikundi hivyo ndivyo vilivyoonyesha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba havikuwa vikikosea zaidi, bali watu wake waliweza kuyataja makosa. Penye viongozi wakali, makosa yalifichwa. Mwaka 1999 alichapisha uchunguzi mwingine wa timu 51 katika kampuni moja ya viwanda, ukionyesha kwamba timu ambazo watu wake hawaogopi kuuliza na kukiri kosa ndizo zinazojifunza zaidi.

Katika kutunga programu, jambo hili lina uzito wa pekee. Kosa linaloonekana siku lilipoandikwa hurekebishwa na mtu mmoja. Likifichwa kwa miezi, programu nyingine hujengwa juu yake, na siku linapojitokeza huenda likawa limekwisha kugusa fedha au matibabu ya watu wengi. Mwanagenzi aliyefokewa mara moja kwa kusema "nimekosea" hataacha kukosea. Ataacha kusema.

Kiongozi ana ugumu wa ziada, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye mlezi na ndiye pia anayetoa maoni juu ya cheo au mshahara wa mtu. Ni vigumu kumweleza udhaifu wako yule atakayeuandika katika ripoti. Kwa hiyo inafaa mwanagenzi awe pia na mlezi mwingine asiye na mamlaka juu yake. Vilevile inafaa kiongozi awe wa kwanza kuuliza swali la kijinga mbele ya watu, na wa kwanza kueleza kosa lake katika kikao cha tathmini. Haitoshi kutangaza kwamba makosa yanaruhusiwa. Watu hutazama kinachompata mtu wa kwanza aliyeamini tangazo hilo.

Funzo kwa shule

Kanuni zilizoelezwa hapa hazikuvumbuliwa kwa ajili ya kompyuta. Zimetoka kwenye ubao wa sataranji, vipande vya mbao vya watoto, wodi za hospitali na kituo cha simu. Kwa sababu hiyo zinaweza kutumika pia katika maabara ya shule ya sekondari, ambamo wanafunzi wanne au watano hushiriki darubini moja au mizani moja. Katika kila kikundi huwapo mwanafunzi mmoja anayejua zaidi, na kwa kawaida yeye ndiye hushika vifaa huku wengine wakinakili matokeo. Mwalimu anaweza kugeuza utaratibu huo kwa sharti moja: anayejua zaidi asiguse kifaa, bali aulize na kuelekeza kwa ngazi zilizotajwa. Ataona haraka kwamba kueleza ni kazi ngumu kuliko kutenda, na atagundua mambo aliyodhani anayaelewa. Wenzake nao watatoka maabara wakiwa wameshika mizani kwa mikono yao wenyewe.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Baadhi ya vijana wanaosoma leo katika kidato cha pili au cha tatu watakuja kuongoza timu zitakazotunga programu za hospitali, mabenki na shule za nchi hii. Uwezo wa timu hizo hautapimwa kwa ujuzi wa kiongozi peke yake. Kipimo kilicho rahisi ni hiki: kiongozi aende likizo ya mwezi mmoja, kisha itazamwe kama kazi imesimama.